Kasha la Harmonika la Kujitengenezea: Dalili za Kasoro, Vyanzo Vyake na Namna ya Kuzirekebisha

Watu wengi wanaojitengenezea kasha la kubebea harmonika, yaani kile kinanda kidogo cha mdomo, huelekeza nguvu zao zote katika kukizuia kisigongwe. Hofu hiyo ina msingi, lakini si kubwa kama inavyodhaniwa, kwa sababu harmonika iliyokazwa skrubu zake sawasawa huvumilia mtikisiko wa kawaida wa begini bila kudhurika. Kinachoiharibu zaidi ni unyevu uliofungiwa, mvuke wa gundi na nyuzi zinazopukutika, na vyote vitatu hupatikana ndani ya kasha lenyewe. Kwa hiyo nitaanza na kasoro za hewa, nifuatishe zile za uchafu, kisha nije kwenye vipimo na vifuniko, ambavyo kasoro zake huonekana kwa macho na hurekebishwa kwa saa chache.

Harmonika ninayoizungumzia hapa ni ile ya kawaida ya matundu 10, ya aina ya diatoniki, yaani yenye noti za ufunguo mmoja tu, yenye urefu wa takribani sentimita 10, upana wa sentimita 2.7 na unene wa sentimita 2. Ndani yake mna mabamba mawili ya shaba ya njano, kila moja likibeba ndimi 10 nyembamba zinazotetema na kutoa sauti, ambazo kwa kawaida nazo ni za shaba, ingawa kampuni ya Seydel ya Ujerumani huuza pia zenye ndimi za chuma cha pua. Katikati ya mabamba hayo kuna kiini chenye vyumba vya hewa, na hicho huweza kuwa cha plastiki, cha metali au cha mbao, kama ilivyo modeli ya Marine Band ya kampuni ya Hohner, iliyoingia sokoni mwaka 1896 na ambayo kiini chake ni cha mti wa pea. Ni vizuri mtu ajue kiini chake ni cha nini kabla ya kugusa kasha, kwa maana mbao hunywa maji na kuvimba ilhali plastiki hainywi, na marekebisho yanayofaa moja yanaweza kuidhuru nyingine.

Hatua ya kwanza ya uchunguzi ni kutenganisha kosa la kasha na kosa la chombo. Itoe harmonika, iweke mahali pakavu penye hewa kwa usiku mzima, kisha uipige taratibu tundu baada ya tundu, ukipuliza na kuvuta. Ikiwa imerudi katika hali yake, kasha ndilo linalopaswa kuchunguzwa. Ikiwa noti ileile bado ina kasoro, huenda kuna uchafu uliokwishaingia au ulimi umechoka, na kubadilisha kasha peke yake hakutasaidia.

Harmonika inatoka ikiwa na unyevu, uvundo au madoa ya kijani

Pumzi ya mwanadamu hutoka mapafuni ikiwa na joto na imejaa mvuke wa maji, na inapokutana na mabamba ya shaba yaliyo na ubaridi kuliko kinywa, mvuke huo hugeuka matone. Mpigaji anayemaliza wimbo na kuirudisha harmonika kashani papo hapo anafungia maji hayo pamoja na mate, na kasha lililobana vizuri huyahifadhi kwa siku nyingi. Dalili ya kwanza ni uvundo hafifu unaosikika kifuniko kinapofunguliwa. Baadaye hufuata vidoa vya kijani pembezoni mwa mabamba, na katika viini vya mbao, meno ya kiini, yaani kuta nyembamba zinazotenganisha vyumba vya hewa, huanza kujitokeza nje na kuukwaruza mdomo.

Kabla ya kulaumu pumzi, hata hivyo, ni lazima kujua unyevu unatoka wapi. Lianike kasha wazi kivulini kwa siku mbili, ulifunge likiwa tupu, kisha ulifungue baada ya siku nyingine mbili na kulinusa. Kama uvundo umerudi bila harmonika kuwemo, basi unyevu unatoka kwenye kasha au mahali linapokaa. Plaiwudi isiyopakwa vanishi hunywa unyevu wa hewani, sponji ya godoro hufanya vivyo hivyo, na kasha linalolala juu ya sakafu ya saruji au kuegemea ukuta wa nje huupokea ubaridi unaozalisha ukungu. Hapo tiba ni kupaka vanishi nje na ndani, kubadilisha sponji na kulihamishia kasha rafuni. Kama lilipokuwa tupu lilikuwa kavu, na uvundo hurudi pale tu harmonika zinapowekwa, basi tatizo ni pumzi, na tiba yake iko katika mazoea ya mpigaji na katika mpangilio wa hewa.

Mazoea yenyewe ni mepesi. Harmonika igeuzwe matundu yake yaangalie chini, igongwe taratibu mara kadhaa kwenye kiganja ili matone yatoke, ifutwe kwa kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, na iachwe wazi kwa muda wa robo saa au zaidi kabla ya kuwekwa kashani. Mpigaji aliye jukwaani hawezi kusubiri hivyo kati ya wimbo na wimbo, na kwa sababu hiyo kasha zuri la mtu wa jukwaani ni lile linaloweza kukaa wazi mezani usiku mzima bila kuanguka, likafungwa mwisho wa shughuli.

Kuhusu hewa, toboa matundu mawili ya milimita tano au sita karibu na sakafu ya kasha upande mmoja, na mengine mawili karibu na kifuniko upande wa pili, ili hewa iwe na njia ya kuingilia na ya kutokea. Kwa ndani yazibe kwa kipande cha wavu wa dirishani, maana mende na sisimizi hupenda mabaki ya mate. Ndani ya kasha, harmonika isikae imezama kwenye sponji pande zote. Kata chini ya kila nafasi mfereji mdogo, au weka vijiti viwili vyembamba vya kuiinua, hewa ipite chini yake.

Vile vifuko vya chembe za silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu hutumiwa na wengi, lakini mara nyingi hutumiwa mahali visipofaa. Kifuko kikiwekwa katika kasha lenye matundu ya hewa, hasa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja wakati wa masika, kitakuwa kinakausha hewa ya mji mzima, na baada ya siku chache kitakuwa kimeshiba. Kwa hiyo chagua njia moja: ama kasha linalopumua bila kifuko, ama kasha lililobana lenye kifuko kinachobadilishwa au ambacho chembe zake zimetolewa na kukaushwa tena ndani ya oveni kwa joto la nyuzi 120 hivi. Kwa mkazi wa pwani ambaye hupiga kila siku napendekeza kasha linalopumua, na kwa harmonika zinazohifadhiwa miezi mingi bila kuguswa, kasha lililobana. Mwenye kiini cha mbao asizidishe ukavu, kwa maana mbao iliyokauka kupita kiasi hunywea, na hewa huanza kuvuja kati ya kiini na mabamba. Mchele usitumike kamwe, kwani unga wake huingia kwenye ndimi.

Madoa ya kijani yakiwa yameshatokea, yafute kwenye vifuniko vya harmonika na kwenye kingo za mabamba tu. Ndimi zisisuguliwe, kwa sababu kukwaruza ncha ya ulimi huipandisha sauti yake na kukwaruza shina lake huishusha, na mtu asiyejua kurekebisha sauti ataimaliza harmonika akidhani anaisafisha.

Kasha linanuka gundi, au shaba inafifia na kuwa nyeusi

Hii ndiyo kasoro inayopuuzwa kuliko zote, nami naiona kuwa nzito kwa sababu chombo hiki huingia mdomoni na mpigaji huvuta hewa kupitia kwake hadi mapafuni. Harufu yoyote iliyomo kashani itavutwa.

Chanzo cha kawaida ni gundi ya viatu. Gundi hii hushika haraka, na fundi hudhani imekauka, lakini kiyeyushi chake kikibanwa kati ya plastiki na sponji isiyopitisha hewa huendelea kutoka kwa siku nyingi. Tiba ni kuliacha kasha wazi kivulini penye upepo mpaka pua isisikie kitu baada ya kasha kufungwa usiku kucha na kufunguliwa asubuhi. Usiliweke juani ili kuharakisha, kwa maana jua hulegeza gundi na kuikunja sponji. Kwa kubandika kitambaa kwenye mbao, gundi nyeupe ya seremala hutosha na haina kiyeyushi kikali.

Chanzo cha pili ni silikoni ya kuzibia vioo, ile inayonuka kama siki. Harufu hiyo ni asidi ya asetiki yenyewe, ambayo hushambulia shaba. Ikiwa imetumika ndani ya kasha, ikwanguliwe yote. Asidi ya namna hiyo hutoka pia katika baadhi ya mbao, hasa mwaloni na mwerezi, kwa hiyo mbao yenye harufu kali isitumike hata ikiwa na rangi nzuri. Chanzo cha tatu ni mpira wa tyubu ya baiskeli, unaopendwa kwa sababu ni bure na unavutika. Mpira huo umetiwa salfa kiwandani, nayo huigeuza shaba kuwa nyeusi pole pole. Mahali pake tumia lastiki ya kushonea iliyofunikwa kwa uzi.

Wako wanaoweka vidonge vya naftalini kuzuia mende. Vitolewe mara moja. Naftalini ni sumu, na haina nafasi karibu na kitu cha mdomoni. Dawa za kusafishia vioo zenye amonia nazo zisitumike kufutia ndani ya kasha. Jeshi la Uingereza nchini India liliona maganda ya risasi ya shaba ya njano yakipasuka yenyewe katika misimu ya mvua yalipokuwa yamehifadhiwa kwenye mazizi, na chanzo kilibainika kuwa amonia ya mkojo wa farasi ikisaidiana na unyevu na mkazo uliokuwa ndani ya metali. Ulimi wa harmonika unaopiga noti ya A ya hezi 440 hupindwa mara 440 kila sekunde, na metali inayopata mkazo wa namna hiyo haifai kuongezewa adui.

Mtu asipokuwa na uhakika na kitambaa, sponji au gundi fulani, kuna jaribio linaloweza kufanyika nyumbani. Wahifadhi wa makumbusho hutumia kipimo kilichobuniwa mwaka 1973 na Andrew Oddy wa British Museum, ambamo vipande vya metali tatu, yaani fedha, risasi na shaba, hufungiwa ndani ya chupa pamoja na malighafi inayochunguzwa na maji kidogo, kwa nyuzi joto 60 kwa muda wa siku 28, kisha metali hukaguliwa kama imebadilika. Kwa mahitaji yetu inatosha kuchuna waya wa umeme upatikane uzi wa shaba, kuusugua kwa msasa laini hadi ung'ae, na kuufungia ndani ya chupa ya jamu pamoja na kipande cha malighafi na pamba yenye maji kidogo, vyote visigusane. Chupa ya pili iwe na waya na pamba peke yake, kwa ajili ya kulinganisha. Ziweke zote mbili mahali penye joto kwa wiki tatu au nne. Waya wa chupa ya kwanza ukiwa umefifia kuliko wa pili, malighafi hiyo isiingie kashani.

Noti moja imenyamaza au inakwaruza baada ya safari

Nafasi kati ya ulimi na kingo za tundu lake ni nyembamba sana, na uzi mmoja wa pamba unatosha kuuzuia ulimi usicheze. Kujua uchafu umeingilia wapi, tazama noti iliyoathirika ni ya kupuliza au ya kuvuta. Katika harmonika ya diatoniki ndimi za kupuliza hukaa kwenye bamba la juu, upande wa ndani wa kiini, na ndimi za kuvuta hukaa upande wa nje wa bamba la chini, zikiwa zimefunikwa na kifuniko cha harmonika tu. Noti ya kupuliza ikinyamaza, mara nyingi uchafu umepitia matundu ya mdomoni. Ya kuvuta ikinyamaza, shuku uwazi wa nyuma. Hivyo utajua ni upande gani wa nafasi ya kasha unaotoa nyuzi.

Sponji ya godoro ndiyo mkosaji mkuu. Ikiwa mpya ni laini na safi, lakini unyevu huivunja ndani kwa ndani, na baada ya miaka kadhaa hugeuka njano, hunata na kupukutika chembechembe. Ibonyeze kwa kidole: kama imeacha unga, itolewe yote, wala isifunikwe kwa kitambaa kipya juu ya uozo. Badala yake tumia mpira mwepesi wa EVA, ule unaotengenezewa ndala, unaokatika vizuri kwa wembe mpya na usiopukutika. Kwa kuwa hauupitishi unyevu, lazima uende pamoja na matundu ya hewa niliyoyaeleza.

Kitambaa cha kufunika ndani kiwe cha pamba iliyofumwa kwa kubana. Kanga au shuka iliyokwishafuliwa mara nyingi inafaa kuliko mahameli, ambayo hupendeza macho lakini humwaga manyoya. Kingo zote zikunjwe na kushonwa, zisiachwe zimekatwa tu. Ulimi uliokwama ufunguliwe kwa kutoa kifuniko na kuuondoa uzi kwa kijiti cha meno, ukielekea kutoka shinani kwenda nchani, kwa mkono mwepesi.

Harmonika inacheza ndani ya nafasi yake, au haitoki bila kuvutwa kwa nguvu

Kasoro hizi mbili zina chanzo kimoja, nacho ni kukata kwa kukisia. Pima kila harmonika peke yake kwa rula, kwa sababu za kampuni tofauti hutofautiana kwa milimita kadhaa, na vifuniko vingine vina pembe za mviringo. Katika sponji laini, kata nafasi iliyo ndogo kwa milimita mbili kuliko chombo, na katika EVA kata kipimo kilekile. Nafasi iliyokwisha kuwa kubwa huokolewa kwa kubandika ukanda mwembamba wa EVA ubavuni. Chombo kikae kwa theluthi mbili za kimo chake tu, na katikati ya nafasi kukatwe nusu duara pande zote mbili ili kidole gumba na cha shahada vipate pa kushika.

Harmonika ya kromatiki inahitaji uangalifu wa pekee. Ubavuni ina kitufe kinachosukuma kitelezi dhidi ya springi, na nafasi iliyokatwa kwa kufuata urefu wa mwili peke yake hukikandamiza kitufe hicho muda wote wa safari. Springi hulegea, na kitelezi huanza kurudi kwa uvivu. Acha uwazi wa sentimita moja mbele ya kitufe, na chombo kizuiwe kwa mabega ya mwili wake.

Kifuniko hakifungi, kimebinuka, au hakilingani na kasha

Hesabu ya kimo hutatua nusu ya malalamiko haya. Harmonika iliyosimamishwa matundu juu ina kimo cha sentimita 2.7. Ukiongeza sponji ya chini ya sentimita 1 na ya kifuniko ya sentimita 1 inayobonyea hadi nusu yake, unahitaji kina cha ndani cha sentimita 4.2. Kasha la kina cha sentimita 3.8 litafungwa kwa kulazimishwa, na bawaba zitang'oka. Punguza sponji ya chini, usipunguze ya kifuniko, kwa kuwa hiyo ndiyo inayozuia vyombo kuruka kasha linapopinduka.

Kwa anayejenga kwa plaiwudi, kifuniko kisicholingana na kasha hutokana na kuviunda viwili hivyo kila kimoja peke yake. Unda sanduku lililofungwa pande zote sita, acha gundi ikauke, kisha chora mstari kuzunguka na ulipasue kwa msumeno wa meno madogo. Vipande hivyo viwili vitakutana sawasawa hata kama pembe hazikuwa mraba kamili.

Mfuko wa kukunja umeshonwa, lakini harmonika haziingii

Mshonaji hupima upana wa harmonika, akashona vijumba vya sentimita 3, na hakuna kinachoingia. Kitambaa cha nyuma kinalala bapa na kinahitaji upana huo tu, lakini cha mbele lazima kizunguke unene pande zote mbili, yaani 2.7 jumlisha 2 jumlisha 2, ambayo ni sentimita 6.7, na nusu sentimita ya nafasi. Kwa hiyo kila kijumba kipewe sentimita 7.2 za kitambaa cha mbele, zilizokunjwa marinda mawili na kushonwa juu ya sentimita 3.2 za nyuma. Mfuko uliokwisha kushonwa vibaya haurekebishwi kwa kupanua mshono, ila ufumuliwe kitambaa cha mbele na kukatwa kingine.

Mkono unachukua harmonika isiyotakiwa

Zipange harmonika zako kwa mpandio wa ufunguo wa kila moja, kutoka G iliyo chini kabisa upande wa kushoto hadi F kali (F#) upande wa kulia, na uandike herufi kwenye ukingo wa kasha unaoonekana kifuniko kikiwa wazi. Ufunguo ambao hauna harmonika yake uachiwe nafasi tupu, ili siku itakaponunuliwa nyingine zisihamishwe na mkono usilazimike kujifunza upya.